Kifaru cha Mjapani na Ulimi wa Mswahili: Istilahi za Zana za Kivita katika Michezo ya Kompyuta, Thika na Ruiru

1. Utangulizi

Wahenga walinena kwamba jina jema hung'ara gizani. Lugha isiyokuwa na jina la kitu hulazimika kuazima, naye aazimaye hana budi kukubali masharti ya mwenye mali. Katika miji ya Thika na Ruiru, ambayo ina wanafunzi wengi wa vyuo, vijana hupigana vita vya vifaru kwenye kompyuta huku wakiitaja kila zana kwa Kiingereza. Michezo miwili imevuma sana katika uwanja huu. Wa kwanza ni World of Tanks, uliotolewa mwaka wa 2010 na kuongezewa vifaru vya Japani mwishoni mwa 2013. Wa pili ni War Thunder, uliopokea vifaru hivyo mwaka wa 2017.

Makala haya yanadai kwamba Kiswahili kina hazina ya kutosha kuzieleza zana hizo. Aidha, yanadai kwamba kulinyamazia suala hili ni kuwasahau askari wa Afrika Mashariki waliokabiliana na Japani vitani.

2. Kifaru: Sitiari na Upatanisho wa Kisarufi

Waingereza waliliita gari hili "tangi" katika Vita vya Kwanza vya Dunia kwa nia ya kuficha siri, ili adui adhani kuwa ni chombo cha kuhifadhia maji. Wajapani huliita sensha, yaani gari la vita. Mswahili hakuficha wala hakueleza, alifananisha. Alitazama ngozi nene, pembe iliyotangulia mbele na mwendo usiojali vichaka, akasema: kifaru.

Sitiari hii imeleta jambo linalostahili kuzingatiwa na mwanafunzi wa sarufi. Mnyama huchukua upatanisho wa ngeli ya A-WA ilhali mtambo huchukua wa KI-VI. Linganisha:

(a) Kifaru yule ameanguka mtoni.
(b) Kifaru kile kimeanguka mtoni.

Katika (a) anayetajwa ni mnyama, na katika (b) ni chombo. Lugha imetofautisha maana mbili bila kuongeza neno hata moja. Mchezaji wa Thika anayesema kuwa "tangi" lake limetoboka huweza kueleweka kuwa maji ya nyumbani yamemwagika, lakini asemaye "kifaru changu kimetoboka" hamwachi msikilizaji njia panda.

3. Majina ya Vifaru vya Kijapani

Wachezaji wengi huyakariri majina kama Ha-Go na Chi-Ha bila kujua maana yake. Nambari ya aina hutokana na kalenda ya kifalme ya Japani, ambayo huanza kuhesabu miaka 660 kabla ya Kristo. Aina ya 95 ni ya mwaka wa 2595 katika kalenda hiyo, yaani 1935. Aina ya 97 ni ya 2597, yaani 1937.

Herufi nazo zina utaratibu wake. "Chi" huashiria kifaru cha uzito wa wastani. "Ha" ni silabi ya tatu katika mpangilio wa kale uitwao iroha, unaotokana na shairi linalotumia kila silabi mara moja tu. Kwa hiyo, Chi-Ha ni kifaru cha wastani cha tatu, na Chi-Nu ni cha kumi. Kumbe mashine ya kuua imepewa jina kwa mpangilio wa shairi! Mwanafunzi wa fasihi aliyezoea tungo zinazofuata mpangilio wa alfabeti hatashangaa sana.

Kwa sifa za kivita, Ha-Go kilikuwa chepesi: uzito wa takriban tani 7.4, mzinga wa milimita 37 na deraya isiyozidi milimita 12. Risasi za bunduki kubwa ya rashasha ziliweza kuipenya deraya hiyo kwa karibu. Chi-Ha kilikuwa na uzito wa takriban tani 15 na mzinga mfupi wa milimita 57 uliokusudiwa kuwasaidia askari wa miguu. Baadaye kikapewa mzinga wa milimita 47 wenye uwezo zaidi wa kutoboa vifaru vingine. Kampuni ya Mitsubishi, ambayo jina lake huonekana kwenye malori katika barabara ya Thika, ilikuwa miongoni mwa watengenezaji wa vifaru hivyo.

4. Risasi, Mzinga na Kombora

Neno risasi lina asili ya Kiarabu, na maana yake ya awali ni madini ya risasi. Hutumika kwa bunduki. Kitokacho katika mzinga wa milimita 37 na zaidi kinafaa kuitwa kombora. Mzinga nao una maana nyingi: ni nyumba ya nyuki, ni silaha, na katika mazungumzo ya vijana wa Kenya ni chupa kubwa ya pombe kali. Hata hivyo, muktadha huondoa utata, kwa kuwa hakuna mchezaji atakayedhani kifaru kinarusha asali.

Michezo hii hutofautisha makombora kwa vifupisho vya Kiingereza. Yanapendekezwa majina yafuatayo:

(i) AP: kombora la kutoboa deraya. Hutegemea ugumu na kasi yake.
(ii) APHE: kombora la kutoboa na kulipuka. Hupenya kwanza, kisha hulipuka ndani.
(iii) HE: kombora la mlipuko. Hufaa zaidi dhidi ya askari, mahandaki na magari yenye deraya nyembamba.
(iv) HEAT: kombora-mkuki.

Hili la nne ni mtego kwa mfasiri. Herufi zake huunda neno la Kiingereza lenye maana ya joto, na mwenye haraka huandika "kombora la joto" akaamini kuwa limeyeyusha chuma. Ukweli ni kwamba mlipuko hulibana bamba la shaba au chuma lenye umbo la pia, likafyatuka kama uzi mwembamba wenye kasi kubwa mno. Hutoboa kwa msukumo, si kwa kuyeyusha. Kitenzi "choma" kingefaa kwa maana ya kudunga, lakini katika nchi ya nyama choma msikilizaji atafikiria moto. Kwa sababu hiyo, mkuki ni sitiari salama, nayo inakaa vizuri kando ya kifaru.

5. Historia Isiyoonyeshwa kwenye Skrini

Katika michezo, Chi-Nu hupigana kila siku. Katika historia, kifaru hicho kiliwekwa Japani kungojea uvamizi wa nchi, na hakikupigana kamwe. Kwa upande mwingine, waliopigana kwelikweli hawaonekani. Machi 1944, karibu na mji wa Tamu nchini Burma (Myanmar ya leo), vifaru vya Waingereza vilipambana na vya aina ya Ha-Go. Agosti mwaka huohuo, Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Tamu, ikashuka bonde la Kabaw katika mvua na malaria hadi Kalewa mwezi Desemba. Miongoni mwa Wakenya waliotumikia jeshi la KAR huko Burma alikuwa Waruhiu Itote, ambaye baadaye alijulikana kama Jenerali China.

Wengine hawakufika. Tarehe 12 Februari 1944, nyambizi ya Japani iliizamisha meli ya Khedive Ismail iliyotoka Mombasa kuelekea Colombo. Zaidi ya watu 1,200 waliangamia, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Askari hao walipewa amri na kusimuliana kwa Kiswahili. Ni ajabu kwamba mjukuu wao aliyeko Ruiru anakijua kipenyo cha mzinga wa Mjapani lakini hajui kwamba babu zake waliwahi kuelekezewa silaha za jeshi hilohilo.

6. Hitimisho

Makala haya yameonyesha kwamba uhaba wa istilahi si uhaba wa maneno, bali ni uhaba wa kuyatumia. Katiba ya Kenya ya mwaka wa 2010 ilikifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi pamoja na Kiingereza, lakini katiba haiingii kwenye mchezo wa kijana; anayeingia ni mwanafunzi mwenzake. Chuo Kikuu cha Kenyatta, kilicho kando ya barabara iendayo Ruiru, kilianzishwa katika iliyokuwa kambi ya jeshi ya Templer, iliyokabidhiwa kwa elimu mwaka wa 1965. Ikiwa kambi imegeuka darasa, mchezo wa vita nao unaweza kugeuzwa somo la lugha na historia.

Maswali ya Kujadili

1. Taja nomino nyingine tatu ambazo hubadili upatanisho wa ngeli kulingana na maana.
2. Je, "kombora-mkuki" lakidhi vigezo vya usahihi, ufupi na kukubalika? Toa sababu.