Vipindi Viwili kwa Wiki: Mwongozo wa Kumpokea Mwalimu Mpya Kisii na Nyamira

Mwongozo huu umeandikiwa walimu wakuu, manaibu wao na wakuu wa idara katika shule za kaunti za Kisii na Nyamira, pamoja na wahadhiri wanaowatayarisha walimu hao. Mwalimu aliyepata barua ya kazi juzi naye ausome, ajue anachostahili kudai.

Kwa kawaida mwalimu mpya hupokewa hivi. Anashuka kwenye Probox iliyojaa hadi buti, anapanda kilima na bahasha yake kwapani, anafika ofisini, vyeti vinakaguliwa. Kufikia saa tano ameshakabidhiwa boksi la chaki, vitabu viwili vya kiada na vipindi vyote vya mwenzake aliyehamishwa. Ndivyo nilivyopokewa mimi, katika shule ambayo sitaitaja. Muhula mzima hakuna aliyetia mguu darasani mwangu, isipokuwa siku ile naibu alipokuja kuuliza kelele zinatoka wapi. Nilidhani nimeachwa kwa sababu naaminika. Kumbe hakuna aliyekuwa na nafasi.

Nafasi ndiyo shida yenyewe. Nia njema ipo, na chai ya kumkaribisha mgeni haikosi katika kaunti hizi. Ila malezi ya mwalimu mpya yasipoandikwa kwenye ratiba kama Hisabati au Kiswahili, yatafanywa siku watu watakapopata wasaa, na siku hiyo haifiki.

Muhuri wa chuo unaishia wapi

Eneo hili si geni katika kuwafunza walimu. Chuo Kikuu cha Kisii kilianza 1965 kama chuo cha walimu wa shule za msingi. Mwaka 1983 kikapandishwa hadhi ili kitoe diploma kwa walimu wa sekondari, 1994 kikawekwa chini ya Chuo Kikuu cha Egerton, 2007 kikawa chuo kishiriki, na Februari 2013 kikapata hati ya kujisimamia. Kwa walimu wa msingi kuna chuo cha Kenyenya upande wa Kisii na cha Borabu upande wa Nyamira.

Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, iliyoundwa na Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012, hukagua mtaala wa kozi, sifa za wahadhiri, maktaba na majengo. Ina meno: Januari 2016 iliamuru matawi kadhaa ya Chuo Kikuu cha Kisii yafungwe. Lakini ukaguzi wa aina hiyo unakuhakikishia kwamba kozi iliyofundishwa ilistahili kufundishwa. Haukwambii huyu kijana aliyesimama mbele yako atafanya nini Alhamisi alasiri na wanafunzi 60 wenye usingizi.

Anayejua hilo ni mhadhiri aliyemtembelea wakati wa mazoezi ya kufundisha. Huyo alikaa nyuma ya darasa, akaandika kwamba sauti inafifia au ubao unatumiwa vibaya, akatoa alama, akaondoka. Karatasi zake zikabaki kwenye faili la chuo. Mwalimu anaajiriwa, na shule inaanza kuyagundua upya mambo ambayo chuo kiliyaona zamani. Kwa hiyo, mwalimu mpya, tunza nakala za maoni ya waliokutahini, uje nazo. Mwalimu mkuu, ziombe siku anaporipoti, kisha uzikabidhi kwa mwalimu mlezi, yule utakayempa kazi ya kumwongoza, peke yake. Zisizungushwe majilisi.

Wenzetu wanafanyaje

Japani iliweka mafunzo ya lazima ya mwaka wa kwanza kwa walimu wapya mnamo 1989, kila mmoja akiwa na mwalimu wa kumwongoza. Uskoti, tangu 2002, humhakikishia mhitimu wa ualimu nafasi ya mwaka mmoja shuleni, mzigo ukiwa umepunguzwa. Nchini Uingereza malezi haya huchukua miaka miwili tangu Septemba 2021: mwaka wa kwanza mwalimu hupunguziwa asilimia 10 ya muda wa kufundisha, mwaka wa pili asilimia 5.

Ni nchi zenye pesa, utasema, na ni kweli. Lakini tazama kilichotangulia katika zote: zilitenga muda kwanza, fomu zikafuata. Sisi tulianzia upande wa pili. Sheria ya Tume ya Huduma kwa Walimu ya 2012 inamtaka mwalimu aendelee kujinoa kitaaluma, na tathmini ya utendakazi, ile TPAD ambayo kila mmoja wetu anaijua, ilienea nchini 2016. Fomu tunazo. Tutafute saa.

Hesabu ya ratiba

Chukua sekondari msingi yenye mkondo mmoja: gredi ya 7, ya 8 na ya 9. Kila gredi ina vipindi 40 kwa wiki, vya dakika 40 kila kimoja. Jumla ni 120. Kwa walimu watano, kila mmoja anabeba 24. Asilimia 10 ya 24 ni vipindi viwili na kitu. Mpe mwalimu mpya 22, na mlezi wake 23. Vipindi vitatu vilivyobaki vigawiwe wale wengine watatu, kimoja kimoja.

Watanung'unika, nao wana haki. Waambie ni kwa muhula wa kwanza na wa pili tu, kisha onyesha mfano kwa kukibeba kimoja wewe mwenyewe. Mwalimu mkuu wa msingi anayesimamia pia sekondari msingi anajua uzito wa ninachosema, lakini kipindi kimoja kwa wiki hakijawahi kumwangusha mtu.

Shule yenye walimu watatu, 40 kwa kila mmoja, haina cha kupunguza, na sitajifanya ninayo dawa. Hapo unganeni na shule jirani ya zoni moja: mlezi mmoja kwa walimu wapya wawili, Jumamosi moja kwa mwezi, nauli itoke shuleni. Wajulisheni maafisa wa mtaala wa zoni ili mpango usionekane wa pembeni.

Vipindi viwili vya mwalimu mpya si vya kusahihishia madaftari. Kimoja ni cha kuketi katika darasa la mwenzake, akiangalia. Cha pili ni cha kukaa na mlezi na kuzungumza juu ya somo moja mahususi lililofundishwa wiki hiyo.

Mlezi ni nani

Asiwe anayejaza TPAD ya mwalimu huyo. Mtu hawezi kukiri mbele ya anayempa alama kwamba darasa la gredi ya 8 linamshinda. Mkuu wa idara apime. Mlezi awe mwingine, hata wa somo tofauti, mradi anajua kufundisha na haropoki ovyo.

Mlezi akiingia darasani, aandike anachokiona, si anachokifikiria. Niliwahi kuketi nyuma ya darasa la gredi ya 8 mwalimu mpya akifundisha sehemu katika Hisabati. Mwalimu alikuwa mchangamfu, ubao umepangika, na kila baada ya dakika chache aliuliza, "Tumeelewana?" Darasa likaitikia kwa sauti moja, "Ndiyooo!" Nilichofanya ni kuchora madawati kwenye karatasi na kutia alama kila mwanafunzi alipojibu swali. Maswali 11. Tisa yalijibiwa na madawati mawili ya mbele, upande wa dirisha. Baada ya kipindi nilimpa ile karatasi bila kusema neno. Aliitazama kwa muda, akauliza, "Hawa wa nyuma, sikuwagusa kabisa?" Wiki iliyofuata alianzia nyuma. Karatasi ile ilikuwa na nguvu kuliko maneno yoyote ya "jitahidi kuwashirikisha wanafunzi".

Mlezi pia ndiye wa kumfunza mgeni mambo ya mahali. Asiyejua Ekegusii aambiwe mapema kwamba hapa "baba" ni mama na "tata" ndiye baba. Mtoto wa gredi ya kwanza akisema baba yake ameenda kuchuma chai, usiandike kwenye rekodi kwamba ni mzazi wa kiume. Mwambie pia asubuhi za chai zinavyowachelewesha watoto, na mzazi yupi wa kuzungumza naye kabla ya kuchukua hatua yoyote. "Bwakire" ya asubuhi langoni humfungulia mgeni milango mingi.

Karatasi na masharti ya kazi

Azimio la kazi, andalio la somo, rekodi ya kazi na sajili ya mahudhurio viwe tayari wiki ya kwanza. Hapa hakuna mjadala. Ushauri mmoja tu: usinakili azimio la mwaka jana pamoja na tarehe zake. Nimeona likifika mbele ya mkaguzi likiwa na likizo ambayo haikuwepo.

Aliyeajiriwa kwa masharti ya kudumu ana miezi sita ya majaribio. Malezi yakamilike ndani ya muda huo, siyo yaanze ukikaribia kwisha.

Mwalimu tarajali, yule wa intanshipu, alelewe sawa na wenzake. Walioingia sekondari msingi 2023 walilipwa posho ya shilingi 20,000 kwa mwezi wakibeba mzigo mzima wa vipindi, na Aprili 2024 Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi iliamua kwamba kuwatumia hivyo walimu waliohitimu na kusajiliwa kulikiuka haki zao za kazi. Mwalimu tarajali, na yule wa BOM aliyeajiriwa na bodi ya shule, wanafundisha watoto walewale.

Kwa wahadhiri wapya

Kuna ajabu moja chuoni. Anayefundisha gredi ya 7 lazima awe amesomea ualimu, lakini anayewafundisha walimu wa kesho anaweza kuwa na shahada ya uzamivu bila kuwahi kufunzwa namna ya kufundisha. Baraza la Vyuo Vikuu vya Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limekuwa na kitabu cha mwongozo wa ubora kwa vyuo vya kanda hii kwa miaka mingi, na idara zinafahamu. Kwa mhadhiri mpya anzeni na hatua ndogo: mhadhiri mkongwe aketi katika mihadhara yake miwili kwa muhula, na fomu za maoni ya wanafunzi zitolewe katikati ya muhula, wangali darasani. Maoni yanayosomwa baada ya mtihani huwafaidisha wengine, waliyoyatoa wameshaondoka.

Mwezi wa kuanza

Haya yote hupangwa Desemba, anayetengeneza ratiba ya Januari akiwa ameketi na kifutio chake. Jina la mlezi liingie kwanza, na vipindi vyake vya ulezi vichorwe kwa wino. Kama mwalimu mpya hajatumwa bado, andikeni "mgeni" kwenye nafasi yake, 22 badala ya 24, kisha msubirini.