Jicho Vivu: Miwani Kwanza, Mazoezi Baadaye

SWALI: Mwanangu ana miaka 6, yuko Gredi ya 1. Mwalimu alipompima kwa kumziba jicho moja moja, la kushoto lilishindwa kutambua hata herufi kubwa. Kliniki ya macho Kitale ilimpa miwani na kuniambia ana jicho vivu. Jirani anasema niachane na miwani, nitumie mazoezi ya macho ya kwenye simu. Je, yanatibu? – Mama wa watoto watatu, Chwele, Bungoma

JIBU: Miwani asiivue. Tiba imeanza nayo.

Jicho vivu mara nyingi halina kidonda wala doa. Shida iko kwenye ubongo. Jicho likiwa na makengeza, au likihitaji lenzi kali kuliko mwenzake, huupelekea ubongo picha yenye ukungu au isiyolingana na ya jicho la pili, nao hujizoesha kuipuuza. Ni kama mwalimu anayemwuliza mwanafunzi hodari kila swali: aliye kimya huzidi kubaki nyuma, ilhali akili anazo. Mwanao hakulalamika kwa sababu jicho la kulia lilifanya kazi ya yote mawili.

Miwani husafisha picha hiyo. Aivae kutwa, nyumbani na shuleni. Katika utafiti wa Marekani wa mwaka 2006, watoto wa miaka 3 hadi 6 ambao macho yao yalitofautiana nguvu walipewa miwani pekee, na zaidi ya robo yao wakapona.

Miwani ikifika kikomo, daktari ataagiza mazoezi yenyewe: kuziba jicho zima ili lile vivu lifanye kazi. Kwa uvivu wa wastani, utafiti wa 2003 ulionyesha saa 2 kwa siku huleta nafuu sawa na saa 6. Bandika kizibo kwenye ngozi, ndani ya miwani. Ukikibandika juu ya lenzi, atachungulia pembeni. Kisha mpe kazi ya karibu: achambue mchele, atunge shanga, apake picha rangi. Siku za kwanza atalia na kukibandua, maana umemfungia jicho analolitegemea. Kaa naye, mfanye kazi pamoja. Akishindwa kabisa, daktari anaweza kumpa matone ya atropini ya kutia ukungu jicho zima. Chupa hiyo ifichwe: ikinywewa ni sumu.

Na hiyo simu? Ipo tiba ya video inayoonyesha kila jicho picha tofauti. Mojawapo, Luminopia, iliidhinishwa Marekani mwaka 2021 kwa watoto wa miaka 4 hadi 7, nayo huandikwa na daktari na mtoto haachi miwani. Programu za bure za kuzungusha macho na kufukuza nukta ni kitu kingine. Haziwezi kushika nafasi ya miwani wala kizibo.

Umeshavuka pale wengi wanapokwama. Dkt. Hillary Rono wa Kitale na wenzake walilinganisha shule 50 za Trans Nzoia, wakachapisha matokeo mwaka 2018. Pale walimu walipopima kwa simu yenye programu ya Peek na wazazi wakakumbushwa kwa ujumbe mfupi, asilimia 54 ya watoto waliotumwa hospitali walifika. Pale utaratibu ulipobaki wa kawaida, ni asilimia 22 tu.

Kwa hiyo usikose tarehe ya marudio, kwa kuwa jicho zima likizibwa kupita kiasi nalo huweza kudhoofika. Nauli ya Kitale ikikulemea, omba barua ya kuhamishia matibabu hospitali ya rufaa ya Bungoma. Usingoje akue, kwani kabla ya miaka 7 jicho huitikia tiba vizuri zaidi, ingawa hata wakubwa kidogo hunufaika. Ukiona mboni ya mtoto yeyote ikimeta nyeupe, hata kwenye picha, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Na hao wengine wawili wapimwe pia. Uvivu wa jicho hufuata ukoo.