Ng'ombe Yupi Ana Faida?

Ndugu mkulima wa Chundwa, ukiwa na ng'ombe wawili, utajuaje yupi anakupa faida? Wengi hutazama kibuyu cha asubuhi. Kibuyu kikijaa, ng'ombe husifiwa. Lakini hesabu hiyo haijatimia.

Tuchukue mfano. Ng'ombe wa kwanza hutoa lita 4 kwa siku, kwa muda wa siku 240, naye huzaa kila mwaka. Wa pili hutoa lita 6 kwa siku 240, lakini huzaa kila baada ya miaka 2. Kwa miaka 2 wa kwanza atakupa lita 1,920, na wa pili lita 1,440 tu. Tena wa kwanza atakuwa amekuachia ndama wawili, na mwenzake mmoja. Yule uliyemsifu ndiye anayekula bure.

Basi fanya mambo haya:

1. Ng'ombe hubeba mimba kwa miezi 9 na siku chache. Ili azae kila mwaka, yafaa apandwe miezi 2 au 3 baada ya kuzaa. Mtazame asubuhi na jioni. Akikubali kupandwa na wenziwe, anataka fahali. Ukimkosa siku hiyo utangoja siku kama 21 tena, na siku hizo zote ni hasara yako.

2. Ng'ombe aliyekonda hataki fahali. Nyasi za masika zikate zinapoanza kutoa maua, zikaushe, uziweke mahali pasipovuja, zije zikufae wakati wa kiangazi cha kaskazi. Mashudu ya simsim, ukiyapata, mpe anayekamwa.

3. Maziwa mengi yake ni maji: katika lita 100, zaidi ya 85 ni maji. Kisima kikiingia chumvi wakati wa kiangazi, ng'ombe hunywa kidogo na maziwa hupungua. Ukiwa na jabia, wakinge wanaokamwa.

4. Ndama anywe maziwa ya kwanza, yale mazito ya manjano, katika saa 6 baada ya kuzaliwa. Hiyo ndiyo kinga yake. Usiyamwage wala usiyauze. Baadaye mwachie chuchu moja kila unapokama.

5. Acha kumkama ng'ombe mwenye mimba miezi 2 kabla ya kuzaa, apate nguvu.

6. Kupe huleta ndigana. Ogesha au nyunyiza dawa kwa mpango, kama Bwana Mifugo atakavyokueleza.

Mwisho, nunua daftari. Kila ng'ombe apewe ukurasa wake: siku aliyopandwa, siku aliyozaa, lita za kila siku, na fedha ulizotumia. Mwaka ukiisha, daftari litakuambia yupi wa kubaki na yupi wa kuuzwa. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.