Namba Yako ya Kodi Ni Jina Lako

Ndugu zetu wa Busia, Malaba na Mutukula, wengi wenu, kwa kukwepa foleni mpakani, humkabidhi kijana wa kando ya barabara kitambulisho, namba ya mlipakodi, yaani TIN, na hata nywila. Hapo ndipo wizi huanzia.

Mwizi wa utambulisho havunji mlango. Akishapata TIN yako pamoja na nywila, aweza kuingiza shehena yake kwa jina lako. Faida huichukua yeye. Deni la kodi hubaki kwako.

Kwa hiyo tunawaasa:

Kwanza, hapa Uganda Mamlaka ya Mapato hutoa TIN bila malipo. Jisajili mwenyewe, kwa simu yako mwenyewe.

Pili, wakala wa forodha aweza kuhitaji TIN yako. Nywila na msimbo uletwao kwenye simu usimpe yeyote.

Tatu, juu ya kila nakala ya kitambulisho unayoitoa, andika tarehe na shughuli iliyokusudiwa.

Nne, ukishuku jambo, badilisha nywila, iarifu Mamlaka, kisha uje kituoni na ujumbe wote ukiwa haujafutwa.

Kuingia katika akaunti ya mtu bila idhini ni kosa chini ya Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta ya mwaka 2011. Tunajua wapo wanaoogopa kuja kwetu, wakidhani watakamatwa kwa deni lisilo lao. Njooni mapema: aliyeibiwa jina ni mlalamikaji, si mshtakiwa, na ukimya wake humfaa mwizi peke yake.