Jamhuri Mpakani: Lugha ya Sikukuu ya Uhuru Busia na Malaba

Utangulizi

Kenya ilijipatia uhuru tarehe 12 Desemba 1963. Mwaka mmoja baadaye, siku iyo hiyo, ikawa jamhuri. Ndiyo maana sikukuu yake ya uhuru huitwa Jamhuri. Makala haya yanaitazama sikukuu hiyo katika miji ya Busia na Malaba, mpakani mwa Kenya na Uganda, na kuuliza: je, lugha ya kuiadhimisha inalingana na jina lake?

Maana ya majina

Majina ya sikukuu hizi yana asili ya Kiarabu. Uhuru unatokana na neno lenye maana ya mtu asiye mtumwa. Madaraka, yanayoadhimishwa tarehe 1 Juni kukumbuka serikali ya ndani ya 1963, ni mamlaka pamoja na wajibu wake. Jamhuri nayo inatokana na neno lenye maana ya umati wa watu, yaani umma. Kwa hivyo, anayesema "Jamhuri" amewataja watu kabla ya kuitaja serikali.

Hali ilivyo mpakani

Hadi mwaka 1902 sehemu hii ilihesabiwa kuwa ya Uganda. Mpaka ulipohamishwa, jamaa waligawanyika: Wateso na Wasamia wako pande zote mbili hadi leo. Sikukuu ndizo zinazowakumbusha mgawanyiko huo. Uganda huadhimisha uhuru wake wa 1962 tarehe 9 Oktoba. Siku hiyo shule na ofisi za ng'ambo hufungwa, ilhali upande wa Kenya watu wako kazini. Ifikapo tarehe 12 Desemba, mambo hugeuka.

Kiteso ni lugha ya Kinailoti, na Kisamia ni ya Kibantu. Mnunuzi na muuzaji wasioelewana kwa lugha za kwao huelewana kwa Kiswahili. Isitoshe, mpaka huu umekilipa Kiswahili fadhila: neno bodaboda, litumikalo sasa kote Afrika Mashariki, linahusishwa na baiskeli zilizobeba abiria kati ya vituo viwili vya forodha. Neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka lilitoholewa, kisha likarudufiwa.

Hotuba ya sikukuu

Katika kila kaunti, gwaride na nyimbo za wanafunzi hufuatwa na hotuba ya Rais, inayosomwa na kamishna wa kaunti. Mara nyingi hotuba hiyo huandikwa kwa Kiingereza. Penye sherehe ya kitaifa, Rais huiweka karatasi kando akazungumza na wananchi kwa Kiswahili, na hapo ndipo umati huchangamka. Maneno hayo hayamo katika nakala iliyotumwa kaunti. Yawezekana kusemwa kwamba kamishna hufafanua kwa Kiswahili baada ya kusoma. Ni kweli, lakini ufafanuzi huo ni wake. Si kauli ya taifa.

Hitimisho

Kifungu cha 7 cha Katiba ya 2010 kinakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Inapasa basi hotuba ya Jamhuri itumwe ikiwa na nakala ya Kiswahili sanifu, iliyotafsiriwa mapema na wajuzi. Kazi hiyo ni yetu wanafunzi na walimu wa lugha hii. Mkaazi wa Malaba aliyesimama juani kusikiliza ni sehemu ya umma unaotajwa na jina la sikukuu. Anastahili kuelezwa habari za nchi yake kwa lugha anayoifahamu.