Nyani wa Mara na Presha Yako

Msomaji, iwapo unaishi Membley na kufanya kazi Nairobi, unajua maana ya kuamka saa kumi na moja alfajiri kuwahi matatu, kisha kufokewa na mkubwa wako mchana kutwa. Wengi wanaokuja kwangu kupimwa presha huuliza kama maisha hayo ndiyo yanayowaumiza. Jibu moja lilitoka kwa nyani wa Maasai Mara.

Kuanzia mwaka wa 1978, mtaalamu Mmarekani Robert Sapolsky aliwafuata nyani hao, akiwadunga dawa ya usingizi na kuwatoa damu. Alitafuta kotisoli, homoni ambayo hutolewa na tezi zilizo juu ya figo tunapotishika. Huongeza sukari katika damu ili mwili upate nguvu za kumkimbia simba. Simba akiondoka, nayo hupungua. Lakini dume wa chini, anayeumwa na kunyang'anywa chakula na wakubwa kila mara, alikutwa nayo nyingi hata akiwa ametulia. Hapo ndipo penye hatari, kwani ikikaa juu kwa muda mrefu hupandisha presha na kudhoofisha kinga ya mwili.

Je, tumeumbwa hivyo, mkubwa amwonee mdogo? Wengi husema ndiyo, hasa wakubwa wenyewe! Basi sikiliza yaliyotokea. Miaka ya 1980, madume wakali wa kundi moja walizoea kupigania mabaki ya chakula kwenye jaa la hoteli ya watalii. Nyama iliyotupwa huko ilikuwa na kifua kikuu cha ng'ombe, nao wakafa. Wakabaki majike na madume wapole. Kundi likatulia: wanyonge hawakuonewa sana tena, na nyani wakawa wanakaa pamoja wakichambuana manyoya.

Dume wa nyani huhama kwao anapobalehe. Kufikia 1993, hakuna dume wa zamani aliyesalia; wote walikuwa wageni kutoka makundi mengine. Hata hivyo upole ule uliendelea, maana wageni waliufuata mwenendo waliokuta. Tena madume wa chini wa kundi hilo hawakuwa na dalili za mfadhaiko zilizoonekana kwingine. Habari hizi zilichapishwa mwaka wa 2004.

Sisi si nyani, na vidonge vya presha usiviache kwa sababu ya makala haya. Lakini ukienda kupimwa, mweleze daktari pia ni nani anayekufokea kazini, na wewe humfokea nani ufikapo nyumbani. Wengi hunieleza habari za chumvi na mafuta tu.