MACHO MAKAVU YANAYOTOA MACHOZI

Mzee ameketi barazani jioni, machozi yanamtiririka mashavuni. Mwambie kwamba macho yake ni makavu, naye atadhani unamfanyia mzaha. Lakini mara nyingi ndivyo ilivyo. Na kwa kuwa wazee wengi hapa kwetu Mbwawa hulalamikia jambo hili, hasa kiangazi vumbi linapotimka, yafaa tulitazame taratibu, kama somo la darasani.

Chozi si maji matupu. Juu ya jicho pana utando mwembamba sana. Chini kabisa kuna ute, ambao huyafanya maji yashike. Kisha maji yenyewe, yatokayo hasa katika tezi iliyo juu ya pembe ya nje ya jicho. Na juu ya yote, mafuta kidogo. Mafuta hayo hutoka katika tezi ndogondogo zilizopangwa ndani ya kingo za kope. Mganga mmoja Mjerumani, Heinrich Meibom, alizieleza mwaka 1666, na hata leo madaktari huziita kwa jina lake. Ukitaka kujua kazi ya mafuta hayo, chukua mabakuli mawili ya maji, moja ulitie mafuta ya nazi hata yafunike maji yote, kisha yaache yote mawili juani. Lile lisilo na mafuta ndilo litakalopungua upesi. Jicho nalo ni hivyo hivyo, na kila tunapopepesa, kope huyatandaza mafuta upya.

Basi umri ukizidi, baadhi ya tezi hizo hunyauka, nyingine huziba, na mafuta yake huwa mazito. Tezi ya maji nayo hutoa kidogo kuliko zamani. Akina mama waliokoma hedhi hupatwa zaidi kuliko wanaume. Jicho likikauka linauma, na mishipa ya fahamu hupeleka habari upesi. Hapo tezi humwaga maji mengi kwa ghafla. Lakini maji hayo hayana mafuta ya kutosha, hivyo hayakai jichoni. Huteremka shavuni, na nyuma yake jicho hubaki kavu vile vile. (Iko sababu nyingine pia: kope za mzee hulegea, na kitundu cha kupitishia machozi kuelekea puani hakishiki kazi yake vizuri.)

Mwenye macho makavu huona kama ana mchanga machoni. Macho humchoma, asubuhi huamka na matongo, na akisoma maandishi humpotea. Akipepesa mara mbili tatu, yanarudi. Alama hii tuikumbuke sana, maana ukungu wa mtoto wa jicho hauondoki kwa kupepesa. Tunawajua wazee waliofunga vitabu vyao wakidhani upofu umeanza, kumbe jicho lilikuwa linadai machozi tu.

Yako mambo yanayozidisha ukavu. Moshi wa kuni ni wa kwanza, na mama aliyepika juu ya mafiga miaka hamsini anaujua bila kufundishwa. Feni inayopuliza usoni usiku kucha ni nyingine. Hata kusoma: kwa kawaida mtu hupepesa kama mara 15 kwa dakika, lakini akikazia macho kitabu au simu ya mjukuu wake hupepesa mara chache zaidi. Dawa nazo zimo, kama vile piritoni, amitriptilini, na baadhi ya dawa za presha zinazomfanya mtu akojoe sana. Usiziache kwa shauri lako mwenyewe, mwulize aliyekuandikia.

Tiba ya kwanza ni ya nyumbani. Chovya kitambaa safi katika maji ya moto kiasi, uyajaribu kwanza kwa ndani ya kifundo cha mkono, kisha kiweke juu ya macho yaliyofumbwa kwa dakika 5 hadi 10, ukikichovya tena kinapopoa. Halafu sugua kope polepole kwa kidole kisafi, ya juu kuelekea chini na ya chini kuelekea juu, ili mafuta yaliyoganda yatoke. Fanya hivyo asubuhi na jioni. Nafuu haiji kwa siku moja, na hapo ndipo wengi huchoka. Duka la dawa lina matone ya machozi ya kutengenezwa, mengine huitwa hipromelosi. Chupa ikishafunguliwa, kwa kawaida hutupwa baada ya wiki 4, hata kama imebaki nusu.

Hapa tuseme kwa ukali kidogo. Usikubali kuuziwa matone yoyote kwa kuwa tu jirani yalimfaa. Soma kasha: likiwa na neno deksamethasoni au betamethasoni, lirudishe, ila kama daktari wa macho ndiye aliyekuandikia. Dawa hizo huondoa wekundu upesi, mtu akafurahi, lakini zikitumiwa muda mrefu huweza kupandisha presha ya jicho na kuleta mtoto wa jicho. Wala maji ya majani, mkojo au maziwa ya mama yasitiwe jichoni. Mwaka 1994 madaktari Yorston na Foster walichapisha habari za wagonjwa wa Tanzania wenye vidonda vya kioo cha jicho, na karibu robo yao walikuwa wametumia dawa za kienyeji.

Jicho likiuma sana, likiwa jekundu upande mmoja, likichukia mwanga, likiwa na doa jeupe, au uoni ukipungua, usingoje kitambaa. Vivyo hivyo nywele za kope zikigeukia ndani, kama ifanyavyo trakoma ya siku nyingi, maana hiyo huhitaji upasuaji mdogo. Nenda Tumbi, ikibidi, watakuelekeza Muhimbili au CCBRT, Msasani. Aliye na macho makavu pamoja na kinywa kikavu na viungo vinavyouma, ayataje yote matatu kwa daktari, kwa kuwa huenda ni ugonjwa mmoja, ule alioueleza Msweden Henrik Sjögren mwaka 1933. Na kila mzee aendaye hospitali atie dawa zake zote katika mfuko, hata zile za mafua, daktari azisome mwenyewe.